Acheni hotuba, chunguzeni mabohari: wakubwa wanajiandaa kwa vita au wanatishana tu?

#1 Mzee wa Ramani

Wakuu, heshima kwenu.

Kila kiongozi wa taifa kubwa akifoka, jukwaani zinafunguliwa nyuzi tano za "Vita vya Tatu vimeanza". Mimi hotuba siziamini. Anayetaka kupigana kweli hapigi kelele, anahesabu: damu ya akiba, makombora ya mizinga, mabehewa, vitanda vya majeruhi, sheria za kuita vijana jeshini. Kwa hiyo nimeacha maneno, nafuatilia mabohari, na ninachokiona huko kinaninyima usingizi.

Juni 2025 NATO walikaa The Hague wakakubaliana kufikia asilimia 5 ya pato la taifa kwa ulinzi. Kwa hesabu za SIPRI, taasisi ya Sweden inayofuatilia silaha, dunia ilitumia dola bilioni 2,718 kwa majeshi mwaka 2024, ongezeko la asilimia 9.4 ndani ya mwaka mmoja. Poland, Finland, Estonia, Latvia na Lithuania zote zimeamua kujitoa kwenye mkataba wa Ottawa unaopiga marufuku mabomu ya kutegwa ardhini. Umoja wa Ulaya unawaambia raia wake wajiwekee akiba ya kujitegemea saa 72. Na New START, mkataba wa mwisho uliokuwa unazibana Marekani na Urusi zisizidishe vichwa 1,550 vya nyuklia vilivyofungwa tayari kwa kurushwa, muda wake umekwisha Februari 2026.

Kimoja kimoja, kila kitu hapo kina maelezo yake. Vyote kwa mpigo je? Nataka hoja, matusi pelekeni kwingine.

#2 KichwaNgumu

Nimeshatandika mkeka. Ngoja waje wenye mada zao.

#3 Dada Mizani

Mzee, orodha yako ina matundu. Asilimia 5 si ya mwaka huu, ni lengo la 2035, tena imegawanywa: 3.5 ndiyo ya jeshi lenyewe, 1.5 inaweza kwenda kwenye barabara, madaraja, bandari na ulinzi wa mitandao. Wapo mawaziri wa fedha watakaoita kila daraja "ulinzi" ili hesabu itimie.

Halafu kuwaandaa raia si jambo jipya. Sweden waligawa kijitabu chao cha kwanza 1943, wakagawa tena 2018, wakatoa kingine Novemba 2024. Finland ina mahandaki ya kiraia zaidi ya 50,000 yenye nafasi za watu kama milioni 4.8, na hayakujengwa juzi. Sheria yao inalazimisha majengo makubwa kuwa nayo. Uswisi karibu kila mkazi ana nafasi yake handakini, na vita vyao vya mwisho walipigana wenyewe kwa wenyewe 1847. Mtu kununua mwavuli si ushahidi kwamba mvua imeanza.

#4 Mzee wa Ramani

Mwavuli nimeuelewa dada yangu. Sasa nieleze kwa nini mtaa mzima umenunua wiki moja.

#5 Mwana wa Nyaraka

Nyote wawili mnabishana kama maandalizi ni dalili au si dalili. Kuna jambo la tatu: maandalizi yenyewe yanaweza kuwa chanzo.

Rudini Julai 1914, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mrithi wa kiti cha Austria aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni, na mwezi mzima ukapita watu wakiandikiana barua. Kilichowafunga mikono mwishoni ni ratiba za treni. Jeshi la mamilioni lilisafirishwa kwa reli, na aliyetangulia kuita askari wake wa akiba alimpita mwenzake kwa siku nzima nzima. Urusi ilipoita wake, Ujerumani ikaona kila saa inayopita ni hasara, kwa sababu mpango wake ulitaka Ufaransa imalizwe kwanza, kabla Warusi hawajakusanyika mpakani. Tarehe 1 Agosti mfalme wa Ujerumani, Kaiser Wilhelm, alisikia tetesi kwamba Uingereza na Ufaransa huenda zikakaa pembeni. Akamwambia mkuu wa majeshi, Moltke, jeshi lote ligeuzwe mashariki. Moltke akagoma: haiwezekani, mpango uliosukwa kwa miaka haufumuliwi usiku mmoja. Cha kuumiza ni kwamba baada ya vita jenerali aliyesimamia reli za kijeshi, von Staab, alijitokeza akasema ingewezekana.

Sasa badilisheni treni, wekeni kombora la nyuklia lililofukiwa ardhini. Likitoka bara moja kwenda jingine linatumia kama nusu saa. Anayeshambuliwa akisubiri kuhakikisha, lake linaweza kupigwa likiwa shimoni. Hapo hata asiyetaka vita anasukumwa awahi. Mimi naogopa ratiba kuliko nia ya mtu.

#6 Baba Kejeli

Kumbe dunia iliungua kwa sababu treni zilikuwa zinafika kwa wakati. Huku kwetu sisi tuko salama milele.

#7 Nahodha wa Kiti

@Mwana wa Nyaraka umegusa penyewe, ila umeiacha ajali. Tarehe 1 Aprili 2001 ndege ya ujasusi ya Marekani iligongana na ndege ya kivita ya China karibu na kisiwa cha Hainan. Rubani Mchina akafa. Wamarekani 24 wakatua kisiwani kwa dharura, wakashikiliwa siku 11 hadi ikaandikwa barua ya kusikitika ambayo kila upande uliisoma ulivyopenda. Mambo yakaisha. Leo ajali hiyohiyo itokee jirani na Taiwan, kisiwa ambacho China inadai ni chake, video iko mitandaoni kabla hata rais hajaamshwa, nani atathubutu kuandika barua ya kusikitika?

Hata 1983, yule afisa Petrov wa Urusi ya Kisovieti aliona makombora matano kwenye mtambo wa tahadhari, akakataa kubonyeza kitufe, akaokoa dunia. Mtu mmoja!

#8 Mlinda Mnara

Petrov hakuwa na kitufe chochote. Usiku ule wa Septemba 1983 kazi yake ilikuwa kusoma taarifa za satelaiti na kuzipeleka juu. Alipeleka taarifa kwamba mtambo umekosea, akijenga hoja kwamba hakuna anayeanzisha vita vya nyuklia kwa makombora matano. Baadaye ikaelezwa kuwa ni mwanga wa jua ulioakisiwa na mawingu. Waliokuwa na mamlaka ya kurusha walikaa ngazi za juu kabisa. Simpunguzii ushujaa, ila tukimpa kitufe tunaficha jambo baya zaidi, kwamba mfumo mzima wa dola kubwa ulikuwa unamtegemea luteni kanali mmoja awe na shaka.

Kama unamtaka aliyekaribia kitufe, huyo ni Vasily Arkhipov, 27 Oktoba 1962, ndani ya nyambizi ya Kisovieti B-59 karibu na Cuba, wakati wa mvutano na Marekani juu ya makombora ya nyuklia yaliyopelekwa kisiwani humo. Ilikuwa na torpido ya nyuklia. Juu manowari za Marekani zinaangusha mabomu madogo ya kuishurutisha iibuke, ndani joto la kuua, na Moscow haipatikani. Masimulizi ya waliokuwemo yanapishana kuhusu nani alisema nini, lakini nyambizi iliibuka bila kurusha.

#9 Nahodha wa Kiti

Haya mwalimu. Hoja ya ajali lakini imebaki palepale, tena umeiongezea nguvu.

#10 KichwaNgumu

Si kuna ile simu nyekundu? Wanapigiana, wanatukanana kidogo, yanaisha.

#11 Mlinda Mnara

Simu nyekundu ni ya sinema. Mstari wa Washington na Moscow uliowekwa 1963, baada ya kunusurika Cuba, ulikuwa wa mashine za kuchapa maandishi. Waliikwepa sauti makusudi: kwenye simu mtu anafoka, mkalimani anakosea, hakuna muda wa kufikiri.

Kwa Marekani na China hali ni mbaya zaidi. Agosti 2022, baada ya Pelosi, Spika wa Bunge la Wawakilishi la Marekani wakati huo, kwenda Taiwan, Beijing ilikata mazungumzo kadhaa ya kijeshi. Februari 2023 Wamarekani waliangusha lile puto la China lililopita juu ya nchi yao, Pentagon (wizara yao ya ulinzi) ikaomba kuzungumza na waziri wa ulinzi wa China, ikakataliwa. Mawasiliano yalikubaliwa yarudi Novemba 2023, Biden na Xi walipokutana California. Kwa hiyo mstari upo, tatizo ni kwamba upande mmoja unauona kama zawadi ya kumpa mwenzio akiwa na adabu.

#12 Mkulima wa Hoja

Mnazunguka mno. Hii ni biashara. Viwanda vya silaha vinahitaji hofu, magazeti yanauza hofu, wanasiasa wanashinda kwa hofu. Vita vyenyewe hawavitaki kwa sababu maiti hainunui silaha. Wanataka dunia ikae ikitetemeka, basi.

#13 Dada Mizani

@Mkulima wa Hoja nusu nakubali. Ila kama viwanda ndivyo vinavyopanga kila kitu, mbona vilikutwa vimelala? Umoja wa Ulaya uliahidi Ukraine makombora ya mizinga milioni moja hadi Machi 2024 na tarehe ikapita lengo halijafikiwa. Mitambo haikuwepo, baruti haikutosha, na wenye viwanda walikataa kupanua bila mikataba ya miaka mingi, kwa kuwa waliwahi kuachwa na karakana tupu Vita Baridi vilipokwisha. Njama gani hiyo inayokosa baruti?

#14 Mkulima wa Hoja

Sasa mikataba ya miaka mingi wameipata au hawajaipata?

#15 Dada Mizani

Wameipata.

#16 Mkulima wa Hoja

Nimemaliza.

#17 Niliyetoka Kharkiv

Huwa nasoma tu, leo nachangia kwa sababu vita vilinikuta.

Nilikuwa mwanafunzi Kharkiv, Ukraine. Januari 2022 habari za askari wa Urusi mpakani zilikuwa kila mahali na sisi tulikuwa tunazitania. Chuo kilisema masomo yanaendelea. Rais Zelensky mwenyewe alikuwa analalamika kwamba kelele za vita zinaharibu uchumi. Mwisho wa mwezi huo vyombo vya habari vikaripoti kwamba Urusi imesogeza hadi akiba ya damu karibu na mpaka. Mimi niliisoma, nikaendelea kupika. Alfajiri ya tarehe 24 Februari nikaamshwa na madirisha.

Sikuwa na begi la maana. Vilivyonisaidia ni noti mkononi, betri ya ziada ya simu, pasipoti na nakala ya vyeti, viatu vya kutembea. Mashine za fedha zilikuwa na foleni kisha zikawa tupu. Kituo cha treni watu walisukumana, kipaumbele kwa wanawake na watoto, na sisi wageni wengine tulirudishwa nyuma mara kadhaa. Mpakani hivyohivyo, waliopanga foleni walituweka wa mwisho. Sitaki kulirefusha hilo.

Ninachotaka kusema ni kwamba dalili zote zilikuwepo na zilikuwa wazi, na watu wenye akili zao hawakuondoka. Kuondoka mapema kunaonekana ujinga hadi siku ambayo si ujinga tena, na siku hiyo barabara zimeshajaa.

#18 Mzee wa Ramani

Pole sana mdogo wangu, na ahsante. Wakuu mmeisikia habari ya damu? Ndiyo mabohari ninayoyasema. Damu haikai muda mrefu, huisogezi kwa ajili ya kutisha.

#19 Mwana wa Nyaraka

Pole @Niliyetoka Kharkiv.

Mzee usishangilie haraka. Kipimo chako ukikitumia masika ya 2021 kinakudanganya. Aprili ile Urusi ilisogeza makumi elfu ya askari mpakani, vifaru, hospitali za mahema, kila kitu, kisha ikatangaza luteka imekwisha na sehemu ya askari wakarudi. Walioonya mwaka ule wakachekwa, na kicheko kile kikawazoesha watu wasisikilize mwaka uliofuata. Kipimo kinachopatia mara moja kati ya mbili ni sarafu.

#20 Mzee wa Ramani

Na ile ya 2021 vifaa vingi viliachwa palepale karibu na mpaka. Mimi naiita mazoezi ya kwanza ya onyesho lenyewe.

#21 Bint Pwani ya Mbali

Mbona Taiwan mnaipitia juu juu? Mwaka 2021 Admirali Davidson wa Marekani aliiambia kamati ya Baraza la Seneti kwamba tishio la China kwa Taiwan linaweza kujitokeza ndani ya miaka sita. Watu wakapiga hesabu, ikatoka 2027. Kisha mkuu wa CIA wakati huo, Burns, akasema Xi ameagiza jeshi liwe tayari kufikia 2027. Tangu hapo kila mchambuzi anaizungumzia 2027 utadhani tiketi imeshakatwa. Burns huyohuyo alieleza kwamba kuwa tayari si sawa na kuamua kuvamia, lakini nusu hiyo ya sentensi haikusafiri.

Mlango wa Taiwan, mahali pembamba kabisa, ni kama kilomita 130 za maji yanayochafuka sehemu kubwa ya mwaka, na fukwe za kushushia jeshi kubwa ni chache. Mimi naona kuzingira kwa manowari kuna mantiki kuliko kuvamia. Huhitaji kupiga risasi, unatangaza "ukaguzi wa forodha" na bima za meli zinakufanyia kazi iliyobaki. Chipu za kisasa kabisa za kompyuta nyingi zinatengenezwa kisiwani humo. Dunia itasimama, China yenyewe ikiwemo, na hiyo ndiyo breki yao.

#22 Mwana wa Nyaraka

Breki ya biashara ilikuwepo 1914 pia. Uingereza na Ujerumani walikuwa wanauziana sana, na kulikuwa na wasomi wa heshima walioeleza kwa nini vita visingelipa. Kweli havikulipa. Vilipiganwa.

#23 Nuru ya Kesho

Samahanini, mimi nina swali la vitendo. Nimenunua vidonge vya madini joto mtandaoni, nimesikia vinakinga mionzi ya nyuklia. Watu wazima wanameza vingapi kwa siku?

#24 Muuguzi wa Zamu

@Nuru ya Kesho tafadhali usianze kumeza. Vidonge hivyo vinajaza tezi ya shingoni madini joto salama ili isinyonye yale yenye mionzi. Basi. Havikingi mapafu, damu, uboho wala ngozi, na havifanyi kitu kwa aina nyingine za mionzi. Vinafaa vikimezwa muda mfupi kabla ya kukutana na wingu la mionzi au saa chache baada yake, kwa maelekezo ya mamlaka. Muhimu zaidi ni kwa watoto, wajawazito na vijana. Waliozidi miaka 40 faida yao ni ndogo sana, na mwenye ugonjwa wa tezi anaweza kujiumiza.

Kinachookoa wengi ni kuta. Vumbi la mionzi linapoa haraka mwanzoni: muda ukizidishwa mara saba, ukali unashuka hadi sehemu ya kumi. Yaani ukali wa saa ya kwanza baada ya mlipuko, baada ya saa saba umebaki takriban moja ya kumi, baada ya siku mbili moja ya mia. Ndiyo maana ushauri ni kuingia ndani ya jengo la zege au matofali, kukaa katikati au chini ya ardhi, mbali na paa na kuta za nje, angalau saa 24 za mwanzo. Nguo za nje vua, zifunge kwenye mfuko, weka mbali. Oga kwa maji na sabuni bila kusugua ngozi mpaka ichubuke. Anayekimbia na gari saa ya kwanza anakwenda kulipokea vumbi barabarani.

#25 Baba Kejeli

Muuguzi umenitisha na kunituliza ndani ya posti moja. Hongera.

#26 Msafi wa Takwimu

Hayo yanasaidia kwa bomu moja au mawili. Kwa maelfu je? Kwa hesabu za SIPRI, Januari 2025 dunia ilikuwa na vichwa 12,241 vya nyuklia, karibu asilimia 90 vya Urusi na Marekani, China ikiwa na kama 600 na ikiongeza kasi. Utafiti mmoja wa 2022 ulikadiria kwamba masizi ya miji inayoungua yakipanda angani yakazuia jua, vita vya Marekani na Urusi vingeua watu zaidi ya bilioni 5, wengi wao kwa njaa katika nchi ambazo hazikupigwa hata kombora moja. Wapo wanasayansi wanaobisha, hasa kuhusu kiasi cha masizi kitakachofika juu. Ila volkano ya Tambora ilipolipuka 1815, mwaka uliofuata sehemu za Ulaya na Amerika Kaskazini zilikosa majira ya joto na mazao yakafa. Ule ulikuwa mlima mmoja.

#27 KichwaNgumu

Saa 72 za Umoja wa Ulaya zitatosha kweli hapo?

#28 Baharia Mstaafu

Nimesoma kuanzia juu. Mnazungumza kana kwamba vita huja na king'ora. Kwa wengi huja na bei ya usafirishaji.

Nimepita Bab el-Mandeb, mlango wa kusini wa Bahari Nyekundu, baada ya Wahouthi wa Yemen kuanza kuteka na kupiga meli Novemba 2023. Tulizima mtambo unaotangaza meli iko wapi, taa za nje tukazima, kila asiye na zamu akakaa sehemu ya ndani kabisa. Mabaharia wengine walisaini kukataa kupita, ni haki yao. Kampuni kubwa zikaanza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, safari ikaongezeka siku kumi hadi wiki mbili. Miezi ya mwanzo ya 2024 mizigo inayopita Suez ilishuka karibu nusu. Hiyo ni kazi ya kundi moja lenye droni na makombora ya pwani. Sasa fikirieni wakubwa wenyewe wakifunga mlango wa bahari wa Malacca, au wa Hormuz, ambako mwaka 2024 ilikuwa inapita karibu sehemu moja ya tano ya mafuta yote yanayotumika duniani.

#29 Shamba Darasa

Baharia kasema kweli. 2022 Urusi na Ukraine zilikuwa zinauza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka, na mbolea za Urusi na Belarus ziko kila mahali. Makubaliano ya Bahari Nyeusi, ya kuruhusu nafaka za Ukraine zitoke kwa meli, yalidumu mwaka mmoja tu, Julai 2022 hadi Julai 2023, yakapitisha karibu tani milioni 33. Yalipovunjika hakuna aliyetuuliza. Anayetaka kujiandaa aanze na udongo na mbegu, mahandaki baadaye.

#30 Kijana wa Stockholm

Kwa kuwa @Dada Mizani ametaja kijitabu, mimi naishi Sweden na nilikipata kwenye sanduku la barua. Kilichonishtua ni sentensi mbili. Moja inasema nchi ikishambuliwa haitasalimu amri kamwe, na taarifa yoyote ya kusalimu ni ya uongo. Nyingine inasema kila mkazi, kuanzia mwaka anaofikisha miaka 16 hadi mwaka anaofikisha 70, ana wajibu wa ulinzi. Mkazi, si raia tu. Nilidhani nimekuja kusoma na kufanya kazi, kumbe nimo.

Ving'ora wanavijaribu Jumatatu ya kwanza ya Machi, Juni, Septemba na Desemba, saa tisa alasiri. Kila mara nasahau, kila mara moyo unaruka. Majirani zangu wanaendelea na shughuli zao. Sijui kama ni ujasiri au mazoea.

#31 Mlinda Mnara

Na kwa wanaoamini Sweden na Finland sasa ziko salama moja kwa moja kwa sababu ya kifungu cha 5 cha NATO: kisomeni. Kinasema shambulio kwa mmoja ni shambulio kwa wote, na kila mwanachama atachukua hatua *anayoona inahitajika*. Inaweza kuwa jeshi zima, inaweza kuwa mablanketi. Kimetumika mara moja tu, baada ya Septemba 11, 2001. Droni za Urusi zilipoingia Poland Septemba 2025 kilichoitishwa ni kifungu cha 4, cha kukaa na kushauriana.

#32 Kivuli

Nyie mnasubiri vita vianze, wakati vinaendelea chini ya bahari. Mikongo ya Baltiki inakatwa kila majira ya baridi. Siku ya Krismasi 2024 meli ya mafuta Eagle S iliburuza nanga ikakata mkongo wa umeme Estlink 2 kati ya Finland na Estonia pamoja na nyaya za mawasiliano. Nani asiyejua aliyetuma?

#33 Dada Mizani

Mahakama ya Helsinki haikujua. Oktoba 2025 ilisema haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo. Upande wa utetezi ulisema ni hitilafu ya nanga. Meli zile za mafuta ni kuukuu na matunzo yake ni duni, uzembe unatosha kueleza.

#34 Baharia Mstaafu

Nanga kuchomoka kwenye dhoruba, inatokea. Kuiburuza makumi ya kilomita bila kugundua? Mwendo unashuka, mtambo unalalamika, meli inavuta upande. Aliye zamu akiniambia hakuhisi, ama alikuwa amelala ama aliambiwa alale.

#35 Dada Mizani

Bado kuna hilo la kulala, Baharia.

#36 Fundi Redio

Mmetaja betri na noti, redio mmeiacha. Machi 2022 BBC ilirudisha masafa mafupi kwa Ukraine, kwa muda wa saa nne kila siku, kwa sababu minara ilipigwa na intaneti inakatika. Kiredio cha betri chenye masafa mafupi, au cha kuzungusha mkono, ndicho cha kwanza kwenye begi.

#37 KichwaNgumu

Fundi, bomu likipigwa angani si linaunguza redio zote? Niifunge kwenye karatasi ya alumini?

#38 Fundi Redio

Julai 1962 Marekani walilipua bomu la nyuklia kilomita 400 juu ya Pasifiki. Hawaii, zaidi ya kilomita 1,400 kutoka hapo, taa za barabarani kama 300 zilizimika. Ila hatari kubwa ni kwa vitu vilivyounganishwa na nyaya ndefu: gridi, simu za mezani, antena kubwa. Kiredio kidogo kisichochomekwa ukutani kina nafasi nzuri. Funga ukitaka. Usisahau kukifungua usikilize.

#39 Mwana wa Nyaraka

Miezi mitatu baadaye ikawa Cuba. @Mzee wa Ramani, kwa kipimo chako cha mabohari, Oktoba 1962 ungetabiri nini?

#40 Mzee wa Ramani

Ningetabiri vita. Na @Mlinda Mnara ameshaeleza humu jinsi vilivyotukosa.

#41 Dada Mizani

Sasa kipimo kikipatia ni ushahidi, kikikosea ni bahati. Mzee, hicho kitashindwaje?

#42 Baharia Mstaafu

Kama mnataka kipimo cha watu wanaoumia mfukoni wakikosea, fuatilieni kamati ya bima za vita ya London, Joint War Committee. Hukaa na orodha ya bahari ambazo meli ikiingia lazima mwenye meli atoe taarifa na pengine alipe bima ya ziada. Maji ya Urusi na Ukraine kwenye Bahari Nyeusi na Azov waliyaingiza tarehe 15 Februari 2022. Siku tisa kabla ya uvamizi. Hawakusubiri hotuba ya mtu.

#43 Mkulima wa Hoja

Kwa hiyo tumerudi kwa wanaouza hofu, safari hii wana ofisi London.